Jukwaa huru la Alhamisi: maswali tunayoulizwa kila wiki

Simu ya kaunta huanza kulia Jumatano mchana, na maswali ni yaleyale. Anayeipokea ni mhudumu mwenye meza zake za kuhudumia, kwa hiyo tumeona tuyajibu hapa. Baa yetu iko Sinza, Dar es Salaam. Jukwaa liko ukumbi wa nyuma, chini ya turubai, pembeni ya jiko la mishkaki. Mengi ya haya yatakufaa hata ukienda kuimba baa nyingine.

Jukwaa huru ni kitu gani hasa?

Ni usiku ambao jukwaa, vyombo na fundi mitambo vipo, ila hakuna msanii aliyetangazwa. Anayetaka kuimba, kupiga gitaa, kuchana mistari au kughani shairi anaandika jina, anasubiri zamu, anapanda. Basi.

Wapo wanaodhani ni mambo mapya ya vijana. Waliokulia kwenye kumbi za dansi watakwambia vingine: mwanamuziki wa bendi nyingine akionekana amekaa mezani na bia yake, huitwa apande asalimie. Hupewa wimbo mmoja, akashuka, watu wakarudi kwenye programu. Sisi tumechukua kule kusalimia tukakufanya shughuli ya usiku mzima, na hatuulizi unatoka bendi gani.

Siku gani, saa ngapi?

Alhamisi. Daftari la majina linafunguliwa saa kumi na mbili jioni, wa kwanza anapanda saa moja na nusu usiku, vyombo vinazimwa saa tano na nusu. Ijumaa na Jumamosi ni za bendi, na Jumapili ukumbi una mpira, kwa hiyo usitubembeleze kuhamisha siku.

Tunaahirisha Simba na Yanga wakikutana siku hiyo, maana tumeshajaribu na hakuna sauti ya binadamu inayoshinda lile bao. Mwezi wa Ramadhani tunapumzika kabisa. Mvua haituzuii, isipokuwa ile ya masika inayopiga turubai mpaka hata drams hazisikiki.

Kuna kiingilio?

Hakuna, kwa msanii wala kwa msikilizaji. Lakini hii ni baa na inaishi kwa kuuza, kwa hiyo agiza chochote, hata maji. Kundi la watu tisa kushika meza mbili usiku kucha kwa soda moja ni jambo tunalolijua na wahudumu wanalizungumzia.

Naandikishaje jina?

Unakuja mwenyewe kaunta, unaandika kwenye daftari. Hatupokei majina kwa simu wala kwa WhatsApp, kwa sababu wanaojiandikisha wakiwa kitandani ndio hao hao wasiotokea, na zamu yao inabaki pengo. Nafasi ni kumi na sita. Zikijaa unaandikwa wa akiba, na mara nyingi akiba mmoja au wawili hupanda.

Kila mtu anataka kupanda saa tatu, ukumbi ukiwa umejaa. Ukituuliza sisi, nafasi nzuri ni ya tatu au ya nne. Masikio bado hayajachoka, nyama bado iko jikoni, na watu hawana cha kufanya zaidi ya kukutazama. Ikifika saa nne kila meza ina hadithi yake, na utaimba ukishindana na mtu anayesimulia kesi ya kiwanja.

Napewa dakika ngapi?

Nyimbo mbili au dakika kumi, kinachotangulia. Kutyuni gitaa kunahesabiwa humo. Kuwasalimia ndugu zako waliokaa kona ile kunahesabiwa pia.

Wapenzi wa dansi ndio wanaoumia hapa, kwa sababu wimbo wa dansi wa kweli una sehemu ya taratibu ambako hadithi inasimuliwa, halafu ndipo linakuja chemko, magitaa yanaachiwa na watu wanainuka. Huwezi kulikata chemko nusu, itakuwa umewanyima watu walichokisubiri. Kwa hiyo ukija na dansi, leta wimbo mmoja uuimbe mpaka mwisho. Emsii, yaani mshereheshaji wetu, anaijua kanuni hii na hatakuwashia taa nyekundu katikati ya chemko. Kwenye hadithi ndefu ya utangulizi, atakuwashia.

Nyimbo za kopi zinaruhusiwa?

Zinaruhusiwa, na wengi huanzia hapo. Leseni ya kupiga muziki wa watu wengine mbele ya hadhira ni jukumu la baa, wewe hudaiwi kitu. Tunachokuomba ni kumtaja mwenye wimbo kabla ya kuanza.

Ushauri wetu mmoja: kopi wimbo, usikopi koo. Katika waimbaji wa dansi, Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, Marijani Rajab mwaka 1995, na bado kila mwezi anapanda kijana anayewaiga hadi namna walivyovuta pumzi. Ukumbi hupiga makofi, ni kweli, lakini makofi yale ni ya marehemu. Aliyewahi kutushangaza sana hapa alichukua wimbo wa zamani wa dansi, akaushusha mwendo, akauimba na gitaa moja kama mtu anayejisemea. Wazee wawili waliokuwa wanacheza bao waliacha kete hewani.

Nina wimbo wangu mpya. Naogopa wataniibia.

Hili tunaulizwa kwa kunong'onezwa, kwa hiyo acha tulijibu kwa sauti. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoitunga, hata kabla hujaenda ofisi yoyote. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia siku ya ubishi, maana utakuwa na karatasi yenye tarehe. Kabla ya kuja, jirekodi kwenye simu wimbo mzima, jitumie mwenyewe kwa barua pepe, na uhifadhi daftari lenye mashairi yaliyokatwakatwa. Yale makosa uliyoyafuta ni ushahidi mzuri kuliko nakala safi.

Sheria hailindi wazo tupu. Ukipanda ukasema una wimbo kuhusu mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita, na wiki ijayo mwingine akaja na wa kwake kuhusu mwenye nyumba, huna kesi. Dar nzima ina wimbo huo.

Na tukwambie ukweli kidogo: wengi wanaoogopa kuibiwa wimbo hawajauimba mbele ya mtu hata mmoja. Uimbe kwanza.

Naweza kuimba juu ya biti kutoka kwenye simu?

Biti isiyo na sauti, ndiyo. Wimbo wenye sauti yako ndani huku wewe unafungua na kufumba mdomo, hapana, na fundi mitambo anatambua ndani ya mistari miwili. Viitikio vya nyuma tunavivumilia.

Watu wa singeli wasijisikie wametengwa. Muziki uliozaliwa Manzese, Tandale na Mburahati kwa kompyuta na spika za mtaani hauwezi kupigwa na bendi yetu ya watu wanne kwa mwendo ule, na hatutaki kujaribu. Leteni biti. Ombi ni kwamba iwe kwenye flashi au imeshapakuliwa kwenye simu, si ya kutafutwa mtandaoni huku watu wanasubiri. Iweke simu katika hali ya kutopokea simu. Tumeshasikia shangazi wa mtu akipiga katikati ya wimbo, kupitia spika mbili kubwa.

Kuna bendi ya kunisindikiza?

Ipo ya nyumbani: gitaa, besi, kinanda na drams. Tumba lipo ila mpigaji wake huja akipenda. Wanajua dansi nyingi, bongo fleva za zamani, reggae na zouk. Wimbo wako mwenyewe watakufuata kama una mambo matatu mkononi: kii (urefu wa sauti ambao wimbo unaimbiwa), mwendo, na mahali unapobadilika.

Kii ndiyo inayoharibu usiku wa watu. Mtu anasema "pigeni tu, nitawafuata", bendi inaanza na kii ya kwenye rekodi, na kumbe mwimbaji yule wa rekodi alikuwa na sauti ya juu kuliko yeye. Kwenye ubeti anaonekana mzima, kwenye kiitikio anapasuka. Nyumbani tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo wako na uone kama unaifikia ukiwa umekaa, bila kukunja uso. Kama huifikii, shusha. Kama huna chombo, njoo saa kumi na mbili umuimbie mpiga kinanda mstari mmoja, atakwambia kii yako na atakuandikia kwenye kikaratasi. Kikaratasi hicho kitunze, ni chako maisha.

Kama umekulia kwenye kwaya na unazijua noti kwa do re mi, sema hivyohivyo. Mpiga kinanda wetu naye alitokea huko.

Nina gitaa langu. Nije nalo na nini kingine?

Gitaa la umeme au gitaa kavu lenye pikapu (kinasa sauti cha gitaa) linachomekwa kwa waya wa pini kubwa. Waya tunao, ila wako unaoujua ni bora. Kama pikapu inatumia betri ya mraba ya volti 9, njoo na nyingine mfukoni. Gitaa kavu lisilo na pikapu tunaliwekea maiki, na hapo ujue hutaweza kutembeatembea.

Sasa suala la shoti. Kwenye baa nyingi nyaya za umeme hazina athi (waya wa kwenda ardhini) ya kueleweka, na mwimbaji mwenye gitaa la umeme hushika nyuzi, akasogeza midomo kwenye maiki, akapigwa. Hutokea zaidi pale gitaa na maiki vinapokuwa vimetoka kwenye soketi mbili tofauti. Kwetu kila kitu cha jukwaani kinachomekwa sehemu moja yenye athi iliyopimwa. Hata hivyo jizoeze, popote uendapo: mwombe fundi apime kati ya nyuzi za gitaa na wavu wa maiki kabla hujavigusa vyote kwa pamoja. Ukisikia hata kamsisimko kadogo, usiimbe. Mwite fundi. Usikubali kuambiwa ni kawaida.

Sijawahi kushika maiki. Nafanyaje?

Maiki zetu ni Shure SM58, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1966 na ambayo Kariakoo inauzwa halisi na bandia kwenye maboksi yanayofanana. Maiki hii inasikia kilicho mbele yake na kupuuza kilicho nyuma. Isogeze karibu, vidole viwili kutoka mdomoni. Ukipandisha sauti, irudishe nyuma kidogo.

Usikumbatie kichwa chake kwa kiganja, hata kama umeona wasanii wakubwa wakifanya hivyo. Ukiziba ule wavu, maiki inaanza kusikia kila upande, pamoja na spika, na hapo ndipo mluzi unapoanza. Mluzi ukianza, usiizibe kwa mkono wala usiielekeze chini kwenye monita (spika inayomtazama mwimbaji), utauongeza. Ondoa kiganja, sogea, fundi atamaliza.

Na usiipige kwa kidole wala kuipuliza kuona kama inafanya kazi. Sema "habari za jioni". Ikifanya kazi, utakuwa pia umesalimia.

Nikisahau maneno?

Kila mtu husahau. Rudia kiitikio, waachie bendi wapige mzunguko mmoja, neno litarudi. Kusoma kwenye simu tunakuruhusu mara ya kwanza tu, kwa huruma. Anayesoma haimbi, anatangaza.

Umeme ukikatika?

Jenereta ipo, inachukua dakika chache. Zamu yako haipotei, inaanza upya. Kama una gitaa kavu na kifua, hakuna anayekuzuia kushuka katikati ya meza ukaendelea bila mitambo.

Mnalipa wasanii?

Hapana. Aliyepanda anapewa kinywaji kimoja. Ijumaa na Jumamosi tunalipa bendi. Alhamisi ni ya kujaribu. Viongozi wa bendi mbilitatu huja kusikiliza wakiwa wamekaa gizani karibu na mlango wa choo, na wapo waliopata kazi hivyo. Hatuahidi. Akija mtu akasema anaweza kukupandisha zamu kwa elfu tano, mwambie emsii. Zamu haiuzwi.

Nikitunzwa, hela ni ya nani?

Hapa tumegombanisha watu, kwa hiyo soma yote.

Kutunza, yaani kumpa msanii hela akiwa jukwaani, ni desturi ya kwetu kwenye taarabu, kwenye dansi na kwenye harusi, na hatuna mpango wa kuizuia. Tangu mia tano ilipogeuzwa sarafu mwaka 2014, tunzo ya chini ni buku, yaani noti ya elfu moja. Wateja wetu wazoefu hubadilisha elfu kumi kaunta ziwe buku kumi, wakapanda mara kumi, kila safari wakicheza kuanzia mezani hadi jukwaani na kurudi. Elfu kumi ileile, lakini ukumbi mzima umeiona mara kumi. Mama mmoja wa meza ya mbele huweka noti moja moja kwenye gitaa, kati ya nyuzi na mbao pale juu karibu na funguo, bila kumkosesha mpigaji hata noti moja.

Kanuni yetu: aliyotunzwa mwimbaji ni ya mwimbaji, yote, baa haigusi. Aliyowekewa mpiga chombo ni ya mpiga chombo. Mbele ya drams kuna kopo la maziwa ya unga. Kinachoingia humo wanagawana bendi. Kama bendi imekusindikiza vizuri na umeshuka na noti za kutosha, kuweka mbili tatu kwenye kopo ni uungwana, na wiki ijayo utaona kinanda kinavyokupenda.

Kwa wanaotunza: noti inawekwa mkononi, kwenye gitaa au kwenye kopo. Habandikwi mtu usoni bila kuinama mwenyewe, na hachomekwi mtu kifuani. Anayefanya hivyo anatolewa, awe mteja wa bia kumi au wa soda.

Watu wanapiga kelele, hawasikilizi. Mtawanyamazisha?

Hatutawanyamazisha. Wamelipia bia zao na wana mazungumzo yao. Emsii ataomba utulivu kwa wanaoghani mashairi, kwingine utajitetea mwenyewe. Kinachofanya kazi ni kuanza kwa sauti ya chini; ukianza kwa kupiga makelele, meza nazo zinapandisha. Waimbie watatu wanaokutazama. Kuwafokea wengine tumeona kukifanyika, na haijawahi kumsaidia mtu.

Wewe mwenyewe ukishaimba, kaa uwasikilize wenzako. Kuna wanaopanda, wanaimba, wanaondoka na meza nzima ya rafiki zao, na anayefuata anaimbia viti vya plastiki. Emsii ana kumbukumbu, na daftari linamsaidia.

Naimba kwaya kanisani. Injili baa ni sawa?

Kwetu ni sawa, na hupokelewa vizuri kuliko unavyofikiri. Wanamuziki wengi wa baa walitoka kwenye kwaya, na Remmy Ongala mwenyewe, baada ya miaka yote ya dansi, alimalizia na injili. Kama ni sawa kwa mchungaji wako, hilo mmalizane huko. Ukituomba tusikupige picha, hatutakupiga.

Matusi? Siasa?

Matusi hapana, BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wanaliangalia hilo na kibali ni cha kwetu. Kumsema mwenye nyumba, mpenzi, bosi, foleni ya Ubungo na bei ya mafuta, ruksa.

Nina miaka 16. Naweza kuja?

Maandishi ya kwenye chupa yanasema 18 na sisi tunayafuata. Alhamisi, hapana. Uje na mzazi Jumamosi mchana bendi inapojaribu vyombo, saa ambayo bia haziuzwi ukumbi wa nyuma, na utapewa maiki.

Mimi ni dada na nakuja peke yangu.

Karibu. Meza mbili za pembeni ya fundi mitambo huwekwa kwa wasanii, kaa hapo, hakuna wa kukuagizia usichokitaka. Akikusumbua mtu, mwambie mhudumu yeyote. Huna haja ya kuthibitisha kitu. Ukiondoka usiku, mlinzi anawajua bodaboda na bajaji wa kijiwe cha mbele kwa majina.

Mbona mnazima mapema? Kwingine wanapiga mpaka alfajiri.

Nyuma ya ukuta kuna watu wamelala. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo, wakaguzi wa mazingira wanapita, na baa zinafungiwa. Spika zetu zinatazama jikoni badala ya mtaani, ndiyo maana ukikaa upande wa geti unasikia besi tu. Hama kiti.

Naruhusiwa kurekodi?

Ya kwako, ndiyo. Ya mwenzako, muulize kwanza, hasa kama ni wimbo mpya. Usisimame mbele ya jukwaa na simu iliyowashwa tochi.

Nafikaje, na jiko linafunga saa ngapi?

Ukitoka mjini kwa basi la mwendokasi, shuka Shekilango, chukua daladala au bajaji ya kuingia Sinza. Jiko linafunga saa nne na nusu. Mishkaki huisha kabla ya hapo, kuku baadaye kidogo, na chipsi mayai zipo hadi mwisho. Kama unaimba nafasi za mwisho, agiza mapema umwambie mpishi akuwekee. Anakubali, ila lipa kabisa.